Kumi na Tisa, Mbili, Tatu, Nne

Tarehe 4 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nimefika salama, na mizigo yote imefika isipokuwa mwavuli. Kabla hujashika kalamu nyekundu, tafadhali soma mpaka mwisho, makosa utayahesabu baadaye. Kaka alitaka niwe nampigia yeye simu halafu akupigie kelele sikioni. Nimekataa. Nitaandika, na wewe utasoma kwa raha zako.

Mafunzo yameanza. Kutwa nzima tunafungua mashine za kupiga picha za mifupa, tunazifunga, tunazifungua tena. Miezi mitatu na nusu ya hivyo hivyo. Nikitoka kazini natembea tu. Kila kona najiuliza kama Baba alipita hapa, miaka ile aliyokuja kusomea upimaji ardhi, kabla hamjaoana. Ni miezi saba sasa tangu tumzike, na bado nikiona mzee mwenye kofia ya kijivu naongeza mwendo nimfikie.

Mama mwenye nyumba wangu ni mjane, na jioni hukata tiketi mlangoni mwa ukumbi wa muziki. Ijumaa alinichukua. Muziki wao wa kale, Mama, hauchezwi, unakaliwa kimya. Mtunzi wao mkubwa alikufa zamani za babu zao, na bado wanamsema kama jirani aliyehama juzi. Anayewaongoza wapigaji wanamwita kondakta, ila huyu hadai nauli. Kuna mahali muziki ulikoma, nikapiga makofi kwa nguvu. Nilipiga peke yangu. Kumbe haukuwa umekwisha, ulikuwa umepumzika tu. Watu mia tano wakanigeukia.

Baba aliishi mji huu miaka mitatu na hakuwahi kututajia kwamba kuna kitu kama hiki. Wewe alikutajia?

Mwanao,
Kitinda mimba

*

Tarehe 16 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako ina makosa manne. Nimeyapigia mstari, nitakuonyesha ukirudi.

Muziki hakunitajia. Alinitajia baridi, na mwenye nyumba aliyekuwa akificha makaa. Basi.

Huku kaka yako amepata wazimu. Amepima hatua kumi na tisa kutoka mlango wa mbele akachimba. Anasema baba yenu alikuwa mpima ardhi, na mpima ardhi hahesabu bure, lazima kuna kitu alitaka tukifukue. Alichofukua ni bomba la maji. Sasa tuna shimo na hatuna maji.

Wewe siku ile ulikuwa kazini, kwa hiyo nikueleze mwenyewe, maana kaka yako naye aliyasikia kwangu tu. Saa yake ya mwisho baba yako alihesabu. Lakini alihesabu hivi: moja, mbili, tatu, nne. Mbili, mbili, tatu, nne. Tatu, mbili, tatu, nne. Akaenda hivyo hivyo mpaka kumi na tisa. Mimi nilikuwa uani naanua nguo, nikamsikia dirishani, wakati ule masikio yangu yalikuwa yamebaki kidogo. Nilipoingia alikuwa ameshakata roho.

Miaka thelathini na mmoja nimewafundisha watoto wa darasa la kwanza kuhesabu. Sijasikia mtu mwenye akili zake akihesabu namna ile. Ndiyo maana nakutuma. Nenda chuo alichosoma, uulize kama wapima ardhi wana hesabu ya hivyo. Nataka kujua jambo moja tu: baba yako alikufa na akili zake, au alikuwa ameshatupotea kabla?

Na hili usimwambie kaka yako, atanikokota kwa daktari. Mimi nisiyesikia hata mlango ukigongwa, kila siku saa kumi alasiri, saa ileile, nasikia chumbani kwake anahesabu. Anafika kumi na tisa, ananyamaza. Chumba nimekifunga na ufunguo ninao mfukoni. Anahesabu tu.

Mama yako

*

Tarehe 1 Machi

Mama,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilisoma nimesimama. Nakuamini. Sitamwambia Kaka.

Chuoni nimekwenda. Karani wa kumbukumbu alimkuta Baba kwenye daftari: amemaliza, amefaulu vizuri, na mwezi ule wa mtihani aliomba abaki mwaka mmoja zaidi, akakubaliwa. Hilo la kuomba kubaki ulilijua? Nilipomhesabia karani ile hesabu alicheka, akasema wapima ardhi wangehesabu hivyo, nyumba zote za mji zingeinama upande mmoja.

Nikatoka pale moyo umeniporomoka. Nilikuwa nimeshaanza kuitunga kichwani barua ya kukudanganya.

Jumamosi asubuhi mama mwenye nyumba aliniingiza kwenye mazoezi ya okestra, siku hiyo hakuna tiketi. Nilikaa pembeni kabisa, juu, naona nyuso za wapigaji kwa ubavu. Sasa sikiliza. Nyuma kabisa kuna mwanamke mmoja ana kichuma kidogo tu kinaning'inia kwenye uzi. Wenzake wanatoka jasho, yeye amekaa. Nikamwonea wivu, nikasema kazi ndiyo hiyo. Halafu nikaona midomo yake. Inatembea. Neno moja, kisha matatu. Neno moja, kisha matatu. Lugha yao siijui sana lakini namba nazijua. Lile neno la kwanza lilikuwa linapanda. Yale matatu yalikuwa mbili, tatu, nne.

Mama, nilishika kiti cha mbele yangu.

Akanyanyua kile kichuma. Na mama mwenye nyumba, ambaye hajui neno hata moja la kwetu, akaninong'oneza kwa lugha yao: "Ngoja sasa yake."

Alisema sasa. Kwa Kiswahili. Nikamuuliza umesema nini? Akashangaa. Anasema katika ukumbi huu, zamu ya mpigaji ikifika huitwa hivyo, sasa yake. Ni neno la ukumbi, la zamani, halina maana yoyote, ni mlio tu.

Jumatatu nimeomba ruhusa kazini. Nakwenda kwa mzee anayetunza nota, yaani karatasi wanazosomea muziki.

Mwanao

*

Tarehe 6 Machi

Mama,

Sikungoja jibu lako, siwezi.

Hakuwa amepotea. Nianze na hilo ili ukae kitako usome yaliyobaki.

Mtunza nota ni mzee mkavu, chumba chake kina makabati hadi darini, na kabla hajagusa chochote alinielekeza kwenye beseni ninawe mikono kwa sabuni. Kila chombo katika okestra kina karatasi zake, na karatasi hizo hazitupwi. Anayekuja leo anasoma alichosoma wa miaka hamsini iliyopita, na kila mmoja huacha alama zake za penseli. Nikamwomba za kile kichuma, katika kipande kile cha Jumamosi. Unajua wanakiitaje? Pembetatu.

Ndiyo, Mama. Baba alikuwa akituambia, "Pembetatu yangu ishikeni taratibu." Sisi tukadhani ni chombo cha kupimia viwanja. Wewe umekifunga kitambaa ukakitundika jikoni, kinabeba miiko.

Mistari ya nota imegawanywa vyumba vidogo, na kila chumba kina mapigo manne. Pembetatu ina vyumba vitupu thelathini na viwili, haipigi chochote, halafu inapiga mara moja. Mpigaji lazima avipite vyote bila kulala. Basi anahesabu chumba, kisha mapigo: moja, mbili, tatu, nne. Mbili, mbili, tatu, nne. Tatu, mbili, tatu, nne. Hivyo ndivyo wanavyohesabu wote.

Na juu ya vile vyumba kuna penseli. Ile S yenye mkia, Mama, ambayo mlikuwa mkigombana kwa sababu yake kila Baba akiandika orodha ya sokoni. Chumba cha nane: Bado. Cha kumi na mbili: Bado, usilale. Cha kumi na tisa: Nyanyua. Na baada ya cha mwisho, pale pa kugonga, kwa herufi kubwa: SASA.

Wapigaji waliomfuata hawakujua maana. Waliona tu kwamba neno lile likifika, ndipo unapogonga. Wakaanza kulitamka. Likaenea kwa wenye tarumbeta, likaenda kwa wakata tiketi. Baba yangu ameacha neno katika ukumbi wa watu, na nyumbani alituambia kuhusu makaa.

Mzee anamkumbuka. Wakati ule alikuwa akipiga fidla. Baba alikuja kila siku kukaa kwenye mazoezi kama nilivyokaa mimi, wakamzoea, wakamwita Mpimaji. Mpiga pembetatu alipovunjika mkono, kondakta akasema, yule pale anajua kuhesabu. Akafanya nao mazoezi wiki sita. Hakukosea hata mara moja.

Onyesho lenyewe hakupiga. Aliondoka mji kabla. Sikuuliza kwa nini.

Mwanao

*

Tarehe 18 Machi

Mwanangu,

Umeandika "sikuuliza kwa nini." Wewe tangu mtoto huwezi kuona sufuria limefunikwa usifunue.

Aliondoka tarehe ngapi? Jibu hilo tu. Mengine yote baadaye.

Mama yako

*

Tarehe 30 Machi

Mama,

Shikamoo. Karatasi za zamani zimechakaa, tarehe haisomeki vizuri. Ilikuwa kiangazi. Mzee naye kumbukumbu zake si za kutegemea, mara aseme hivi mara vile.

Jumapili nilikwenda kwenye nyumba ya mtunzi wao, wameihifadhi kama alivyoiacha. Kitanda kifupi, miwani mezani, na dirisha ambalo anasemekana alikuwa akilifungua mvua ikinyesha. Karatasi zake zimejaa mikwaruzo, anakata, anarudia, anakata tena. Ungempenda, angekupa kazi. Nimeanza kuusikia muziki wao. Zamani nilisikia kelele nzuri, sasa nasikia nani anamngoja nani.

Mafunzo yanaendelea vizuri. Kaka ameshafukia shimo?

Mwanao

*

Tarehe 11 Aprili

Mwanangu,

Karatasi yenye neno "usilale" inasomeka, yenye tarehe imechakaa. Uongo huo mpelekee kaka yako, ndiye mwenye tumbo la kuumeza.

Nitakuambia mwenyewe. Tarehe ishirini na tatu Juni. Simu ya maandishi niliipeleka posta mimi tarehe ishirini na moja, nikimficha baba yangu, ambaye alikuwa ameshanipatia mchumba, mwalimu mkuu mwenye baiskeli mpya. Niliandika neno moja: Rudi. Wiki moja baadaye alikuwa mlangoni kwetu na begi lake na kile kichuma. Nikamuuliza, nimekukatiza kitu? Akasema, hapana, nilikuwa nimekaa tu. Nikamwamini miaka arobaini na nne. Kumbe kweli alikuwa amekaa, lakini alikuwa amekaa akingoja.

Sasa la pili, na hili ndilo linalokuja saa kumi.

Sikuwa uani. Hakukuwa na nguo wala kamba. Nilikuwa nimekaa kitandani pembeni yake, sikio langu zima karibu na mdomo wake. Alianza kuhesabu, nikamsahihisha. Akasema "tatu, mbili, tatu, nne," nikamwambia si hivyo, baba watoto, baada ya tatu ni nne. Akaendelea. Nikamsahihisha tena. Nilikuwa na hofu, mwanangu. Nilidhani akili inamtoka mbele ya macho yangu, nikataka kuirudisha kwa kitu ninachokijua. Alipofika kumi na tisa mkono wake wa kushoto ukapanda juu peke yake, hivi, umelegea, kama mtu anayening'iniza kitu. Nikaushika nikaushusha. Nikamwekea kiganja mdomoni nikasema: "Umekosea. Anza upya."

Aliniangalia. Hakuanza upya. Hakusema neno tena.

Ulipoandika kwamba juu ya chumba cha kumi na tisa kuna neno Nyanyua, niliiweka barua chini nikaenda kukaa jikoni. Sikuweza kuangalia ile miiko.

Neno langu la mwisho kwa mume wangu ni "umekosea," na alikuwa hajakosea. Nimemkatiza mara mbili, mahali palepale. Ndiyo sababu anarudi. Anataka kupita na mimi nimeziba mlango.

Mama

*

Tarehe 23 Aprili

Mama yangu,

Nisamehe kwa uongo. Mzee aliniambia kila kitu siku ileile: simu ya maandishi ilisomwa kwenye ngazi za ukumbi, jioni moja kabla ya onyesho. Na alichokifanya Baba pia aliniambia. Niliogopa kukuandikia kwa sababu sikujua kama kingekuumiza au kingekuponya. Bado sijui. Nakiandika.

Alisoma, akakunja, akaweka mfukoni. Kondakta akamsihi: kesho tu, piga kesho, keshokutwa uondoke. Baba akamjibu: "Wewe umenifundisha kwamba ukichelewa pigo moja, hukupiga. Huyu naye ameniita sasa." Akamkabidhi mwenziwe zile karatasi. Wapigaji ndio waliomfuata na pembetatu hadi kituoni wakamlazimisha aichukue.

Mama, hukumkatiza. Wewe ndiwe sasa aliyoichagua. Kaka na mimi tunaishi kwa sababu hiyo, hata kama kaka mwenyewe anatumia maisha hayo kutoboa mabomba.

Ile ya pili sina dawa nayo. Sitakudanganya tena kwamba si kitu. Ulimwambia amekosea na hakuwa amekosea. Lakini alikufa anazo akili zake, zote, na aliyekuwa amekaa pembeni yake ni wewe. Hilo ndilo ulilonituma niulize.

Jana wamekipiga kile kipande kwenye onyesho. Nilihesabu na yule mwanamke kutoka juu, midomo yetu pamoja. Thelathini na mbili, mbili, tatu, nne. Halafu kale kasauti. Ni kadogo, Mama, mtu akikohoa kanapotea. Lakini wapigaji sabini walikuwa wanakangoja, na kalipolia, muziki wote uligeuka ukaelekea kwingine. Nililia, nikapiga makofi mahali pasipofaa tena.

Kama utataka kujua: pembetatu haishikwi kwa mkono, ukiikamata inakufa. Inaning'inizwa kwa uzi mwembamba, mkono wa kushoto, juu, mbele ya uso. Ile yetu haijawahi kulia kwa sababu imefungwa kitambaa.

Narudi baada ya tarehe ishirini Mei.

Kitinda mimba wako

*

Tarehe 5 Mei

Mwanangu,

Makosa hakuna. Au yapo, sikuyaangalia.

Jana saa tisa na nusu niliitoa miiko, nikakata kile kitambaa kwa kisu. Kimeacha alama nyeusi kwenye chuma, nimeisugua kwa majivu. Nikaifunga pembetatu uzi wa kushonea. Nikachukua kijiko. Nikafungua chumba cha baba yako kwa mara ya kwanza tangu msiba, nikakaa kitandani, mahali palepale.

Saa kumi akaanza. Nikamwacha. Hutaamini ilivyokuwa kazi ngumu kwangu, mimi mwalimu, kumwacha mtu ahesabu. Moja, mbili, tatu, nne. Mbili, mbili, tatu, nne. Alipofika kumi na tisa nikanyanyua mkono wa kushoto. Akanyamaza, kama kawaida yake.

Sikuanza upya. Moja hadi kumi na tisa alishahesabu mwenyewe, na alihesabu sawasawa. Nikaendelea: ishirini, mbili, tatu, nne. Ishirini na moja, mbili, tatu, nne. Nilihesabu kwa sauti, na mkono sikuushusha. Thelathini na mbili, mbili, tatu, nne. Nikasema neno lake, nikagonga.

Masikio yangu hayakupata kitu. Meno ndiyo yaliyosikia, na mfupa wa mkono mpaka begani. Nje kaka yako alikuwa akifukia lile shimo lake. Alikuja mbio na koleo, nikamsoma midomo: "Mama, nani kagonga?" Nikamwambia ni baba yako, amemaliza. Akakaa chini pale pale mlangoni na udongo wake.

Leo saa kumi nilikwenda tena nikakaa. Nilingoja mpaka jua likatoka dirishani. Kimya, mwanangu. Masikio ni masikio ya kiziwi sasa, hayana mtu ndani. Nilidhani nataka aniache, na ameniacha.

Kabla hujaondoka, rudi kwa yule mzee wa nota. Nawa mikono vizuri. Umuulize kama kuna kipande kingine cha pembetatu chenye vyumba vitupu vingi zaidi ya hivyo, na kama kipo, akunakilie uniletee.

Mama yako